Nani Aliifyeka Njia? Baiskeli na Barabara Tulivu za Uganda tangu 1900

Utangulizi

Anayesimama alfajiri kwenye mteremko wa Naguru unaoelekea Nakawa huziona baiskeli kabla magari hayajawa mengi. Muuza samaki amefunga kapu kwenye keria, mikia ya sato ikining'inia nje. Nyuma yake kuna kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke. Mzigo umekuwa mzito mno hata hawezi kupanda, naye anatembea kando yake kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Wote wanapita ukingoni, pale lami inapoishia na mtaro unapoanza. Saa moja ikigonga, magari na bodaboda wanaichukua barabara, na waendesha baiskeli hawaonekani tena.

Wakati huohuo Uingereza, nchi iliyotengeneza nyingi ya baiskeli za kwanza zilizofika Uganda, ina njia ndefu zilizowekewa alama kwa ajili ya waendesha baiskeli. Watu huko hutumia likizo zao kupita mashambani, kati ya vijiji na mito, kwenye njia nyembamba ambako gari ni nadra. Chombo ni kilekile: magurudumu mawili, mnyororo, pedali na kengele. Huko kimepewa njia tulivu. Hapa kimeachiwa ukingo wa mtaro. Kwa nini?

Jibu linalokuja haraka ni utajiri: wao wana fedha, sisi hatuna. Insha hii inadai kwamba jibu hilo halitoshi. Uganda ilikuwa na njia tulivu zinazofaa baiskeli zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na mgeni mmoja maarufu alizisifu kwa maandishi. Hoja yangu ni kwamba utulivu wa njia hauletwi na maumbile. Hufyekwa, husawazishwa na kulindwa na watu. Swali la kihistoria basi ni hili: nani aliifyeka njia, na je, aliyeifyeka alipata sauti katika kuamua itumiwe vipi?

Njia kabla ya gurudumu

Ni kosa kudhani kwamba barabara za Uganda zilianza na wakoloni. John Hanning Speke alipofika katika makao ya Kabaka Mutesa I mnamo Februari 1862, alikuta barabara pana zilizokatwa katikati ya majani marefu, zikipanda na kushuka vilima bila kuzunguka. Kabla yake, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa wameshafika. Ahmed bin Ibrahim anatajwa kuwa alifika kwa Kabaka Suuna II mwaka 1844, akipitia Unyanyembe na Karagwe. Kwa hiyo Buganda iliunganishwa na njia za Waswahili kabla Mzungu yeyote hajaandika habari zake.

Barabara hizo zilikuwa na kazi ya kisiasa. Chifu alitakiwa kuitunza njia itokayo kwake hadi makao makuu ya Kabaka. Kwenye njia hiyo walipita wajumbe, kodi, jeshi na vyakula vya ikulu. Njia iliyoota majani ilionyesha kwamba chifu amelegea, au pengine ameanza kuwa na mawazo mengine. Waliolima na kufyeka walikuwa watu wa kawaida, na kazi hiyo ilijulikana kwa Kiganda kama bulungi bwansi, yaani kwa wema wa nchi.

Hata hivyo, hakukuwa na gurudumu. Mizigo ilikwenda vichwani. Daktari Albert Cook, mmisionari wa CMS, alipofika Mengo mnamo Februari 1897 na kuanzisha hospitali ambayo bado ipo, alikuwa amesafiri miezi mingi kutoka Uingereza, na sehemu ya kutoka Mombasa msafara wake ulitegemea wapagazi. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mnamo Desemba 1901. Tangu hapo, bidhaa za viwanda vya Uingereza ziliweza kufika ufukwe wa Ziwa Viktoria kwa siku chache tu kutoka pwani. Baiskeli ilikuwa mojawapo ya bidhaa hizo.

Mkataba wa 1900 na kazi ya barabara

Tunaposoma Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, kwa kawaida tunatazama mambo mawili: ardhi ya mailo na kodi ya nyumba ya rupia 3. Kuna kifungu kingine ambacho hatukizungumzii sana. Kifungu hicho kiliwapa machifu mamlaka ya kudai wafanyakazi wa kutengeneza barabara, mtu mmoja kwa kila nyumba tatu, kwa sharti kwamba asifanyishwe kazi zaidi ya mwezi mmoja kwa mwaka.

Kwa maneno mengine, desturi ya bulungi bwansi ilihamishwa kutoka katika uhusiano wa chifu na watu wake, ikawekwa ndani ya sheria iliyotiwa saini na dola ya kigeni. Baadaye kazi ya namna hiyo ilijulikana kama luwalo. Juu yake iliongezwa kasanvu, kazi ya lazima kwa serikali yenye ujira mdogo, ambayo ilichukiwa sana hata ikafutwa mwaka 1922. Mkulima mmoja aliweza kujikuta anadaiwa kodi ya nyumba, kodi ya ardhi kwa mwenye mailo, mwezi wa luwalo, na bado serikali ikamwita kwa kasanvu.

Hapa historia ya Uingereza yenyewe inatusaidia kuona jambo ambalo pengine lisingeonekana. Waingereza nao walikuwa na kazi ya lazima ya barabara. Sheria ya mwaka 1555 iliwalazimisha wakazi wa kila parokia kufanya kazi ya barabara siku 4 kwa mwaka, na baada ya miaka michache zikawa siku 6. Watu walilalamika, wakakwepa, wakafanya kazi kwa uvivu, mpaka sheria ya mwaka 1835 ilipoifuta kazi hiyo na kuweka ushuru badala yake. Njia nyingi ndogo za mashambani ambazo leo huvutia watalii wa baiskeli zilipitia karne hizo za jembe la lazima.

Tuhesabu basi. Waingereza waliikataa kazi ya lazima kwao mwaka 1835. Miaka 65 baadaye waliiandika katika mkataba wa Buganda, si kwa siku 6, bali kwa mwezi mzima. Siyo kwamba hawakujua ubaya wake. Walijua, na walikuwa na uzoefu wa karibu miaka 300.

Mgeni wa 1907

Mwishoni mwa 1907, Winston Churchill, aliyekuwa Naibu Waziri wa Makoloni, alizuru Uganda, akaandika kitabu kilichotoka 1908. Kutoka Entebbe hadi Kampala alipanda rikisho: mtu mmoja alivuta mbele na wengine watatu walisukuma nyuma, wakiimba njia nzima. Baadaye alielekea kaskazini, kupitia Masindi hadi maporomoko ya Murchison na Mto Nile.

Katika kitabu hicho kuna sehemu kuhusu baiskeli ambayo kila mwanafunzi wa historia ya usafiri angepaswa kuisoma. Churchill anasema kwamba, ingawa msomaji atashangaa, chombo bora kabisa cha kusafiria katika nchi hii ni baiskeli. Anaeleza jinsi inavyoteleza kwenye njia yenye upana wa futi mbili tu, majani yakimgusa mwendeshaji pande zote na matawi yakikaribia kukutana juu ya kichwa chake. Anakiri kwamba mawe, vijito na vilima humlazimisha mtu ashuke mara kwa mara. Hata hivyo anakadiria mwendo wa maili 7 kwa saa, karibu kilomita 11, na safari ya maili 25 hadi 30 kwa siku, yaani kilomita 40 hadi 48. Anaongeza kwamba maofisa wengi wa Kiingereza walikuwa tayari na baiskeli, na hata machifu wa Kiafrika walikuwa wameanza kuzinunua.

Maelezo haya yanafanana sana na yale ya mtalii wa leo anayesifu njia tulivu za Uingereza: ukimya, majani, mwendo wa polepole, furaha ya kupita mahali pasipo na gari. Tofauti iko katika mambo mawili.

La kwanza ni sababu ya njia kuwa nzuri. Churchill mwenyewe anataja kwamba zililainishwa na nyayo za wenyeji. Anasema hivyo kwa kupita tu, kama vile mtu anavyotaja hali ya hewa. Lakini nyayo hizo zilikuwa za wapagazi, wakulima, wanawake waendao visimani, na wafyekaji wa luwalo. Njia haikuwa zawadi ya msitu.

La pili ni faida inayotazamiwa. Kwake, uzuri wa baiskeli ni kwamba safari za maofisa zingekuwa ndefu karibu mara tatu, na eneo ambalo ofisa mmoja mweupe angeweza kulisimamia lingepanuka kwa kiasi hichohicho. Kikwazo pekee ni wapagazi, ambao wasingeweza kwenda sambamba na baiskeli. Kwa hiyo baiskeli inaingia katika maandishi ya Uganda kama chombo cha kutawala, si cha kutembelea. Ofisa anayeweza kufika kijijini na kurudi siku hiyohiyo ni ofisa anayeweza kudai kodi mara nyingi zaidi.

Eggaali na nguvu za kifua

Walakini baiskeli haikubaki mikononi mwa maofisa. Mwaka 1903 na 1904 mbegu za pamba ziligawiwa kwa wakulima kupitia machifu, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia pamba ilikuwa imeshakuwa zao kuu la kuuzwa nje. Mkulima aliyelipa kodi yake akabakiwa na fedha kidogo alitafuta kitu cha kununua. Maduka ya Wahindi yalikuwa yameshaenea hadi kwenye vituo vidogo vya biashara, na baiskeli iliyotoka Nottingham au Birmingham ikawa ndoto ya kijana mwenye shamba. Raleigh, kampuni ambayo Frank Bowden aliiendeleza kuanzia 1888, ilikuja kuwa jina la kawaida vijijini kote Afrika Mashariki.

Lugha inatupatia ushahidi hapa. Neno gari liliingia Kiswahili kutoka Kihindi, nasi tukasema gari la moshi kwa treni, kisha gari likabaki kuwa chombo cha injini. Kiganda kilichukua neno hilohilo, lakini eggaali kwa Waganda ni baiskeli, na treni inaitwa eggaali y'omukka, baiskeli ya moshi kana kwamba tungefasiri. Katika lugha moja gurudumu lenye jina kuu ni la injini. Katika nyingine, ni la miguu. Sidai kwamba neno moja linathibitisha historia nzima. Ninachosema ni kwamba kwa Mganda wa kawaida, gurudumu alilolimiliki, alilolipakia na kulitengeneza mwenyewe lilikuwa la baiskeli. Kwa utani waliiita pia maanyi ga kifuba, nguvu za kifua, kwa sababu petroli yake ni pumzi ya mwenyewe.

Baiskeli ile ilikuwa ya chuma kizito, yenye breki za vyuma badala ya waya na magurudumu makubwa ya inchi 28. Mafundi wa hapa waliiboresha: waliongeza vyuma kwenye uma wa mbele, wakachomelea keria pana, wakaimarisha spoki. Ndivyo ilivyoweza kubeba magunia ya kahawa, madebe ya maji, mikungu ya matoke, mgonjwa, na hata maiti kupelekwa nyumbani kuzikwa. Katekista aliitumia kuzungukia makanisa yake, mwalimu kufika shuleni, karani kufika gombolola.

Lakini tusiipambe picha. Njia hiyo haikuwa ya wote. Katika Buganda, mwanamke kukaa kwenye tandiko na kupanua miguu kulihesabiwa kuwa ni kukosa adabu. Alipanda kwenye keria, amekaa ubavu, mwanamume akiendesha. Maji na kuni, ambayo ni mizigo ya kila siku, vilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na viliendelea kubebwa kichwani huku baiskeli ikiegemea ukuta ikimngoja mwenye nyumba. Hivyo baiskeli ilipunguza umbali kwa nusu ya familia.

Waendesha baiskeli wenye chama

Turudi Uingereza tuone kilichotokea huko katika kipindi hichohicho. Mwaka 1878, kule Harrogate, ilianzishwa klabu ya watalii wa baiskeli, ambayo kuanzia 1883 ilijulikana kama Cyclists' Touring Club. Huo ulikuwa wakati wa baiskeli zenye gurudumu kubwa la mbele. Baada ya John Kemp Starley wa Coventry kutoa baiskeli ya Rover mwaka 1885, na John Boyd Dunlop kuleta tairi la upepo mwaka 1888, kuendesha kukawa rahisi na wanachama wakawa wengi.

Klabu haikuishia kwenye matembezi. Mwaka 1886 iliungana na chama kingine cha waendesha baiskeli kuunda jumuiya ya kudai uboreshaji wa barabara. Walitoa vijitabu, wakazishinikiza halmashauri, wakafundisha jinsi barabara inavyopaswa kujengwa. Haya yote yalifanyika kabla magari hayajawa mengi. Magari yalipokuja, yaliikuta barabara iliyopiganiwa na watu wa baiskeli, kisha yakawasukuma kando, kama yalivyofanya hapa.

Tofauti ni kwamba wale walikuwa na kumbukumbu na chama. Mwaka 1977 kikundi kidogo kilianzishwa mjini Bristol, kikageuza reli iliyoachwa kati ya Bristol na Bath kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu. Kikundi hicho ndicho kilichokuja kuitwa Sustrans. Mwaka 1995 kilipata fedha za bahati nasibu ya taifa, na mtandao wa njia za baiskeli wa nchi nzima ukaanza kujengwa. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa na watu wa kujitolea, kwa majembe na mikokoteni.

Mtandao huo una kasoro zake. Sehemu nyingi bado zinachangia barabara na magari. Lakini tuangalie majembe. Kule, mtu alichukua jembe kwa hiari kwa sababu njia ingekuwa yake na ya watoto wake. Hapa, babu zetu walichukua jembe kwa amri, na njia ilipokamilika hawakuulizwa ipite wapi, ibebe nini, wala nani apishwe. Wote wawili walitengeneza njia. Mmoja tu ndiye aliyekaa mezani.

Naguru, mtaa wa wafanyakazi

Mfano wa Kampala unaonyesha jambo hili kwa karibu. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na eneo la viwanda likakua bondeni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilimpa kazi Ernst May, msanifu Mjerumani aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki, ya kupanga upanuzi wa mji kuelekea Kololo na Naguru. Ripoti yake ilitoka 1947. Katika miaka iliyofuata nyumba za wafanyakazi wa Kiafrika zilijengwa Nakawa na Naguru. Wakazi walikuja kutoka pande zote za Uganda na kutoka Kenya, na Kiswahili kikapata makao hapa kuliko katika mitaa mingi ya mji. Kambi ya polisi ya Naguru nayo ilikiimarisha, kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha ya polisi na jeshi.

Kijiografia, mahali hapa palifaa baiskeli na miguu: nyumba kilimani, reli na viwanda bondeni, na umbali mfupi kati yake. Lakini barabara kuu zilizopita pande hizi zilikuwa za magari, na aliyetembea au kuendesha baiskeli alijitafutia njia yake kwa kuvuka majani. Vijia hivyo viliwekwa na miguu, kama vile vya 1907. Mwaka 2011 nyumba za zamani za Naguru na Nakawa zilibomolewa ili kupisha ujenzi mpya, na wakazi wakatawanyika. Kijia kisichochorwa kwenye ramani hakina wa kukitetea siku nyumba zinapoondoka.

Kimya cha mpakani

Kuna kipindi kimoja ambapo Waganda wa kawaida walichagua wenyewe njia za baiskeli. Baada ya Idi Amin kutangaza mwezi Agosti 1972 kwamba Waasia waondoke katika siku 90, maduka yaliyokuwa yakileta bidhaa na vipuri yalivurugika. Petroli ikawa adimu, mabasi yakaharibika, bei rasmi ya kahawa ikawa ndogo mno ikilinganishwa na ile ya Kenya. Magendo yakashamiri. Usiku, kupitia njia za panya za Busia, Malaba na miteremko ya Mlima Elgon, magunia ya kahawa yalivuka, na sabuni, chumvi na mafuta vikarudi.

Baiskeli ilifaa kazi hiyo kwa sababu ileile aliyoisifu Churchill: inapita kwenye njia nyembamba. Aidha haina mlio. Hapo utulivu wa njia ulikuwa na maana nyingine kabisa, kwani askari asiyesikia ndiye aliyeruhusu familia kula kesho yake.

Mpakani hapohapo, ambako kituo cha Uganda na cha Kenya vimetenganishwa na kipande cha ardhi, vijana walianza kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli, wakiita kwamba wanakwenda boda. Ndipo likazaliwa neno bodaboda. Wengi wa wasomaji wa leo wanalijua kama jina la pikipiki, lakini pikipiki ziliingia kwa wingi baadaye, kuanzia miaka ya 1990. Bodaboda ya kwanza ilikuwa ya nguvu za kifua.

Hali ya leo, na pingamizi moja

Kuna anayeweza kupinga hivi: baiskeli ilishindwa kwa sababu pikipiki ni bora, basi, vilima vya Kampala ni vikali, watu wana haraka, na hakuna aliyelazimishwa kuhama. Pingamizi hili lina ukweli. Mimi mwenyewe nimejaribu kuendesha baiskeli kutoka Naguru hadi Kyambogo, na kilima si hadithi. Lakini siku hiyo nilishuka mara tatu, na mara moja tu ndiyo iliyosababishwa na kilima. Mara mbili nilishuka kwa sababu nilikosa pa kupita, na mara moja kati ya hizo nilikuwa tayari mtaroni. Mtu akiacha chombo kwa sababu anaogopa kufa, hatuwezi kusema amechagua chombo bora. Amechagua kuishi.

Serikali inalijua tatizo hili. Mwaka 2012 Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini. Katikati ya Kampala, eneo la Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum lilitengenezwa kama mfano wa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mjini Jinja, shirika la FABIO limekuwa likitetea baiskeli na kuzifikisha kwa watu wanaozihitaji. Hizi ni hatua za kweli.

Lakini fedha kubwa zilikwenda kwingine. Mwaka 2018 ilifunguliwa barabara ya kasi ya Kampala na Entebbe, na tangu 2022 inalipiwa. Ni barabara nzuri. Baiskeli na waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Mwaka 1907 safari hiyo ya Entebbe na Kampala ilifanywa kwa nguvu za vifua vya watu wanne. Leo, mtu mwenye kifua chake mwenyewe hana ruhusa ya kuifanya hapo.

Wakati huohuo wageni wanalipa fedha kuendesha baiskeli katika msitu wa Mabira na vijiji vya karibu na Jinja. Wanatafuta kitu kilekile kinachotafutwa katika mashamba ya Uingereza: vumbi kidogo, ndege, watoto wanaopunga mikono, ukimya. Wanakipata, kwa sababu njia za udongo bado zipo. Basi hatuwezi kusema kwamba Uganda haina njia tulivu. Inazo nyingi. Inachokosa ni njia hizo kuendelea mpaka zifike sokoni, hospitalini na chuoni.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, njia zilizoifanya baiskeli ifae Uganda zilitengenezwa na wakulima, kwa desturi ya bulungi bwansi na kisha kwa amri ya Mkataba wa 1900. Pili, baiskeli iliyoingia kama chombo cha ofisa iligeuzwa na wakulima, mafundi na wafanyabiashara wadogo kuwa chombo chao, ingawa wanawake walibaki kwenye keria. Tatu, tofauti kubwa kati ya njia za Uingereza na zetu haikuanza na fedha. Ilianza pale ambapo waendesha baiskeli wa huko waliunda chama mwaka 1886 na kudai barabara, huku wenzao wa hapa wakiitwa kwenye barabara wakiwa na majembe tu.

Kutokana na hayo, nina pendekezo dogo kwa wanafunzi wenzangu wa historia. Tunapokusanya masimulizi ya wazee, tuwaulize pia kuhusu njia: ipi walilima kwa luwalo, ipi walipitisha pamba, ipi walipitisha kahawa usiku, na ipi imezibwa sasa na ukuta wa nani. Majibu yao yanaweza kuwa ramani ambayo wizara haina. Ufalme wa Buganda bado unaadhimisha bulungi bwansi, na watu hujitokeza na mapanga na mafagio kusafisha visima na njia. Neno limeondoka katika sheria likarudi katika hiari. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba muuza samaki wa Nakawa, ambaye kwa sasa anajua kuliko mhandisi yeyote mahali lami inapomtupa mtaroni, naye anaitwa siku barabara inapopangwa, na si siku ya kufyeka tu.